Walivyomwondolea Baba Mungu Wake

Watu wa Ikinga wakikusimulia habari za baba yangu Ambakisye, watakuambia shetani alimwingia. Waongo. Shetani hakupanda mlima wetu. Aliyepanda ni baba mdogo Osea, na jenereta, na spika mbili, na suruali iliyopigwa pasi, na nitamtaja kwa jina kwa sababu yeye mwenyewe alitaja majina ya watu.

Baba alizaliwa katika milima hii ya Ileje, akalima kahawa na maharage kama wazee wake. Kitu kimoja tu aliwazidi wenzake: kupuliza besi. Ujanani alikwenda Mbozi Mission kujifunza matarumbeta, akarudi anapuliza lile kubwa kuliko yote, ambalo mtu mfupi akilivaa inaonekana miguu tu. Tangu hapo hakuna mtu wa ushirika wetu aliyezikwa bila pumzi ya baba. Hata waliokuwa wamegombana naye aliwapigia, tena kwa nguvu ileile.

Mama yangu, Tulinagwe, alipoolewa alimkuta Osea katika nyumba ile, bado mdogo, mama yao ameshafariki. Akamlea. Alimtoa funza miguuni kwa pini, akamshonea kaptula ya shule, akagombana na walimu wake. Mimi mtoto wa kumzaa nilipokuja duniani nilimkuta Osea ana nafasi yake karibu na moto, na sikuweza kumwondoa. Sikutaka hata kumwondoa, maana nilimjua ni kaka mpaka nilipofundishwa kumwita baba mdogo.

Mwaka 1998, mvua zikiwa nyingi, malaria ilimpanda mama kichwani. Walimbeba kwa machela kumteremsha hospitali, wakarudi naye kabla ya kufika. Siku ya mazishi wapigaji wenzake walimwambia baba akae na wafiwa, wao watapiga. Akawauliza, kama yeye hapigi, nani atampigia Tulinagwe? Akalivaa besi, akapuliza mpaka mwisho, machozi yakishuka mpaka kwenye shati, na hakukosea hata mahali pamoja.

Kanisani kwetu, alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijatoka, watu wote hukusanyika makaburini. Matarumbeta hupigwa, mchungaji husoma majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita, na jua likichomoza tunaimba kwamba Bwana amefufuka. Baba hakuwa mtu wa kunukuu aya. Ukimuuliza juu ya Utatu atakuambia kamuulize mchungaji. Imani yake yote ilikuwa neno moja, nalo aliniambia kila Pasaka pale kaburini: mama yako anatungoja. Kwa neno hilo hakuoa tena, hakuingia kilabuni, aliamka akapalilia kahawa akiwa na uso wa mtu mwenye miadi. Naomba ulielewe hilo, kwa sababu ndilo waliloliondoa.

Osea naye alikuwa ameteremkia Tunduma, mpakani na Zambia, tangu biashara ilipofunguliwa. Alivusha sukari, akabadilisha kwacha, akajifunza maneno ya Kibemba, hata akija kusalimia anasema “mukwai” yao ya heshima kwa watu wasiojua mukwai ni nini. Hatukumcheka sana, kijana akifika mjini lazima aonyeshe. Kisha akaokoka. Kuokoka si kosa. Hapa kwetu wameokoka wengi na tunakopeshana chumvi. Kosa ni kwamba Osea aliona haitoshi yeye kupanda juu mpaka sisi tubomolewe chini. Akapewa kipaza sauti katika kanisa lao jipya, lililokuwa likisali kwenye ghala la mahindi, na mtu aliyezoea kuita wateja sokoni ukimpa kipaza sauti umekwisha.

Pasaka ya mwaka 2003 ilikuwa na ukungu. Makaburi tulikuwa tumeyasafisha Jumamosi, la mama nililing'olea majani kwa mikono yangu. Bendi ilikuwa imeanza wimbo wa kwanza ndipo jenereta likanguruma barabarani, juu kidogo ya makaburi. Walikuwa wamelibeba mabegani kwa sababu gari lisingepanda tope lile. Hebu fikiria ukaidi huo.

“Mnaowaimbia hawawasikii,” sauti ya Osea ikashuka kutoka kwenye spika. “Mmeacha Mungu aliye hai, mnaabudu mizimu kwa matarumbeta. Wengi wa waliolala hapo wako motoni sasa hivi. Sisemi kwa chuki. Shemeji yangu Tulinagwe yuko hapo. Amenilea, amenitoa funza, nampenda kuliko ninyi nyote. Lakini alinyunyiziwa maji utotoni, hakuzaliwa mara ya pili, na leo yuko motoni. Kama Tulinagwe yuko motoni, wewe utaponea wapi?”

Shukrani ya punda ni mateke, tunasema, lakini punda angalau hapigi mateke kaburi. Niliinama kutafuta jiwe. Sitanii, nilikuwa nimeshalipata, ila wanawake wenzangu walinishika mkono. Sauti ya besi ikakatika. Matarumbeta madogo yakaendelea kidogo, yakayumba, yakanyamaza moja moja, na tukabaki na ile spika peke yake.

Baba alipanda mpaka barabarani akiwa bado amevaa besi lake, nami nikamfuata.

“Osea,” akasema, “umesema nani yuko motoni?”

“Si mimi ninayesema, kaka. Ni Neno.”

“Nimekuuliza nani.”

Osea akatazama jenereta lake. “Shemeji.”

Baba hakumpiga. Mpaka leo natamani angempiga, wangeshikana, wangeamuliwa, yangekwisha kindugu. Alisimama tu akimtazama mtoto aliyeletewa uji kitandani na mwanamke huyo aliye motoni, kisha akageuka akaenda nyumbani. Jua lilitoka na hakuna aliyeimba.

Wiki iliyofuata baba aliwahi kanisani, akakaa benchi la mbele badala ya kukaa na bendi. Nilijua alichokifuata. Alikuwa anataka mchungaji asimame aseme sentensi moja: Tulinagwe yuko kwa Bwana. Basi. Hata angesema akaketi, ibada ingekuwa imetosha.

Mchungaji alisimama, na alikuwa amejiandaa kweli. Akahubiri juu ya manabii wa uongo mpaka watoto wakasinzia. Akasema kanisa la akina Osea ni duka, vilema wanaotupa magongo huko wamekodiwa, maono yao wanayaota kwa shibe, wachungaji wao wamejipa uchungaji wenyewe. Akaigiza Osea anavyosema “mukwai”. Kanisa zima likaangua kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka kidogo, hasira ilikuwa inatafuta pa kutokea. Jina la mama halikutajwa.

Nilimfuata ofisini baada ya ibada.

“Mchungaji, baba alikuwa anangoja useme mama yuko wapi.”

“Sekela, binti yangu, si umesikia nilivyowatetea?”

“Umetetea kanisa. Mama hukumtetea.”

Akaniambia nina uchungu wa msiba, niombe. Msiba wa miaka mitano. Nikaondoka bila kuaga, na mimi nimelelewa kuaga.

Jioni hiyo nilimkuta baba amekaa jikoni, ametulia kuliko nilivyotarajia.

“Osea kasema mchungaji anawadanganya watu,” aliniambia. “Mchungaji kasema Osea anawadanganya watu. Wote wawili nawafahamu, hakuna mjinga. Nimewasikiliza vizuri, mwanangu. Nimewaamini wote.”

Nilidhani ni mzaha, maana baba alikuwa na mizaha yake. Nikapakua ugali, nikafumba macho ili aombee chakula kama kawaida. Nilipofumbua alikuwa ameshaanza kula.

Ndivyo ilivyokuwa. Besi alilirudisha kanisani akiwa amelisugua likang'aa, na vijana waliopewa walilibonyeza mwaka uleule. Watu walisubiri aharibike. Nina hakika walisubiri, wapo waliokuwa na hamu ya kumwona ameanguka kwa pombe mferejini ili wapate mfano wa kuhubiria. Hakuanguka. Aliendelea kulima, aliendelea kuwabeba wagonjwa wa jirani kwenye machela, hakumwibia mtu wala kumtukana. Wakakosa raha. Wakasema amejiunga na frimasoni. Frimasoni gani anayelima maharage kwenye mteremko akiwa na viatu vya matairi?

Watu wa Osea walipanda mara kadhaa kumvuta akabatizwe mtoni. Walifikiri kazi imekwisha nusu: ameshatoka kule, sasa aingie huku. Aliwapa viti, akawapa maparachichi, akawasikiliza. Wakimaliza anawaambia, “Nimewasikia, nendeni salama.” Walikuwa wamembomolea mtu nyumba, halafu wanashangaa hataki kupanga kwao.

Kilichoniumiza mimi si kanisa. Ni kaburi. Baba hakulikanyaga tena. Majani niliyang'oa peke yangu, na siku moja nilimwambia kwa ukali kwamba amemtupa mama. Akanijibu polepole, bila kuniangalia. “Nikienda pale nitamwambia nini? Kama yuko motoni, Mungu aliyemweka huko simtaki. Kama hayuko motoni, huyo Mungu alimsikia Osea anasema vile kwa jina lake, kwa spika, akanyamaza. Basi hayupo.” Nikamwambia asiseme hivyo. Alikuwa ameshasema.

Miaka ikapita. Mwaka 2011 mtoto wa Osea, Danford, aliyekuwa utingo wa lori, alifariki katika ajali kwenye barabara kuu, karibu na Vwawa. Alikuwa kijana mcheshi, alikuwa akija kwetu anamwomba baba amfundishe mluzi. Kanisa la baba yake alikuwa amelikataa wazi, amekataa kubatizwa, anasema atabatizwa akichoka na dunia. Walimleta kuzikwa milimani, kando ya mama yangu. Na pale kaburini mzee mmoja wa kanisa la Osea alishika kipaza sauti akasema kijana huyu alilisikia Neno, akalikataa, na kila mtu hapa anajua aliko. Nilimwona Osea akisikia maneno yake mwenyewe. Alikunja uso mpaka akawa mzee palepale.

Sitasema nilimhurumia. Sikumhurumia.

Matanga yalipokwisha alikuja nyumbani peke yake. Nilikuwa nimemletea baba chakula, nikawapa wote maji ya kunawa. Osea alinawa, lakini hakula.

“Kaka,” akasema, “nilikosa. Tulinagwe hayuko motoni. Mungu hawezi kuwa wa namna ile.”

Miaka minane nilikuwa nayangoja maneno hayo. Niliyaota. Nilimtazama baba nione uso wake utafunguka vipi.

Baba aliacha kula. “Umejuaje?” akauliza.

“Nimejua tu, kaka. Moyoni.”

“Na ile Pasaka, ulijuaje kwamba yuko?”

Osea akajifuta mikono aliyokuwa amenawa.

“Siulizi kwa ubaya,” baba akasema. “Ule mwaka ulijua, leo umejua tena. Nataka kujua unajuaje.”

“Nilifundishwa vibaya.”

“Ulisema si wewe uliyesema.”

Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Hasira yote ya nyumba ile nilikuwa nayo mimi. Nilielewa pale kwamba Osea hakuja kurudisha chochote. Amekuja kuthibitisha kwamba siku ile alizungumza kutoka tumboni mwake, na kumbe ilitosha, ilitosha kabisa kumwangusha mtu mzima. Afadhali asingekuja.

Osea alianza kulia. Alilia vibaya, kamasi zinamtoka, mtu mzima mwenye suti. “Basi niambie wewe, kaka,” akasema. “Mwanangu Danford yuko wapi?”

Baba akamsogezea sahani. Alikuwa anampenda. Angeweza kumdanganya, wengi wangemdanganya. “Yuko pale tulipomzika, Osea,” akasema. “Kula, chakula kinapoa.”

Osea akainamia meza, na sijui ni kitu gani kilinisukuma, maana nilikuwa nimeapa kutompa mtu yule hata tone la faraja. Labda nilikumbuka lile benchi la mbele. Nikasema, “Danford yuko kwa Mungu, baba mdogo.”

Baba akageuka kwangu. Aliuliza kwa upole uleule, kama mtu anayeuliza njia. “Umejuaje, Sekela?”

Osea akainua uso uliolowa, naye akanitazama akingoja. Nilikuwa na jibu hilo maisha yangu yote, tangu Shule ya Jumapili. Nililitafuta pale mbele yao, nikalikosa, na hilo sijamsamehe Osea.