Ijumaa ya Fundi

Fundi cherehani wa Nkololo huongea na pini mdomoni, na kila nguo kwake huwa tayari "Ijumaa," bila kusema ipi. Gauni la Kwandu lilikuwa limeshapita Ijumaa nne. Siku alipokwenda kulidai tena, alibeba kifaranga alichokuwa akienda kukitupa, hakiwezi kusimama, miguu imetawanyika kama mkasi uliofunguliwa. Fundi akatoa pini mdomoni. Akakilaza kwenye kiganja chake kipana, akakipima nyonga kwa tepu kama anayepima bibi harusi, akakata kipande cha bitana na kuifunga miguu miwili, akiacha nafasi ya kidole katikati. "Niachie, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Njoo Ijumaa." Kwandu alicheka njia nzima.

Ijumaa alikikuta ndani ya kopo la vifungo, kando ya pasi ya mkaa, kiini cha yai kimekigandia mdomoni. Kila asubuhi fundi alikuwa amelifungua lile fundo na kulifunga upya. Sasa akakiweka mezani, akalikata kwa ncha ya mkasi, akarudi nyuma hatua moja, kama afanyavyo akimtazama mteja anayejaribu nguo. Kifaranga kikayumba, kikasimama, kikaivuka meza yote. Fundi akajiweka tepu shingoni, kifua mbele. "Miguu ikipwaya, kirudishe."

Kwandu alikipokea kwa mikono miwili, akamwonyesha kila aliyekutana naye njiani. Alishafika mlangoni kwake ndipo alipokumbuka gauni.