Gari Lililokataa Kwenda Mbali

Baba alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwanzoni mwa mvua, vita vikiwa vimeshatuchosha. Alituachia nyumba mtaani Shari, mke mwenye imani kali, mabinti wawili, na gari la zamani lenye kutu ambalo lilikuwa maarufu kanisani.

Umaarufu huo ulitokana na siku watu wenye silaha walipoingia uani wakalichukua. Kabla ya jioni tukasikia limeachwa kwenye mwinuko, si mbali na kwetu, gurudumu la mbele likitoa moshi. Walilipiga mateke, wakalitukana, wakaendelea kwa miguu. Baba alilifuata, akasubiri lipoe, akalirudisha polepole. Jumapili Mama alisimama mbele ya waumini akatoa ushuhuda kwamba Mungu mwenyewe alishika gurudumu lile kwa mkono wake. Vigelegele vikapigwa. Baba alikuwa ameketi nyuma, upande wa wanaume, akitazama viatu vyake. Nilidhani ni unyenyekevu.

Sasa dada yangu mkubwa alikuwa mjamzito, mumewe amekwama upande mwingine wa mapigano. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, akafa. Muuguzi alimwonya wazi: uchungu ukianza tu, aje hospitali, asijaribu kuzalia nyumbani. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mji. Gari likisimama njiani, watu wenye silaha walilizunguka, na swali lao la kwanza lilikuwa: nyinyi ni wa kabila gani? Basi ilibidi gari letu litufikishe bila kusimama.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia Baba spana tangu utoto, kwa hiyo nikalitoa kulijaribu. Mwanzoni lilikwenda vizuri. Nilipokanyaga breki mara kadhaa likawa zito, kama ng'ombe anayeburutwa sokoni, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nilishuka nikasogeza kiganja kwenye kila gurudumu. La mbele kulia lilikuwa moto. Nililitemea mate, yakachemka. Magurudumu mengine yalikuwa baridi. Nilingoja kidogo, likaachia lenyewe, nikarudi nyumbani nikiwa nimenuna.

Baba mdogo, ndugu yake Baba, alikuwa ameshafika na nyundo.

"Ni rulma hiyo," akasema, akimaanisha beringi. "Leta nipige."

"Baba mudogo, rulma ikikufa inalia. Hii hailie, inakamata tu."

"Weye mutoto wa juzi utanifundisha gari?"

Nilimnyang'anya nyundo. Sikujivunia hasira zangu, ila zilinifaa siku ile.

Tuliinua gari kwa jeki. Mama akaingia nyuma ya usukani na kitenge chake, akakanyaga breki kwa nguvu kama anayeua mende, kisha akaachia. Gurudumu halikuzunguka. Nikafungua kidogo ile skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye breki; mafuta ya breki yakaruka hadi shavuni mwangu, na papo hapo gurudumu likawa huru. Kumbe hakuna kilichoshikwa na kutu. Mafuta yalikuwa yakiingia na kukosa njia ya kurudi.

Nikafunga skrubu. Mama akakanyaga tena. Safari hii nililegeza juu zaidi, pale bomba la chuma linapoungana na mpira wa breki, ule mrija laini unaopeleka mafuta kwenye gurudumu. Gurudumu likabaki limekamatwa vilevile. Juu njia ilikuwa wazi, basi ugonjwa ulikuwa ndani ya mpira wenyewe.

Niliupangusa matope. Ulikuwa umezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Niliukata kwa kisu, na chini yake nikakuta waya umeuminya mpira ule ukawa mwembamba. Nguvu ya mguu iliyasukuma mafuta yakapita, lakini hakukuwa na nguvu ya kuyarudisha. Waya ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto, ncha zake zimekunjwa ndani zisije zikamchana mtu. Mlango wa banda la kuku ulifungwa hivyo hivyo. Uzio pia. Hata mkono wa sufuria yetu.

"Muzee alikuwa na akili," baba mdogo akanong'ona.

"Akili gani?" Nilipiga kelele, nikimwonyesha dada yangu. "Kama yaya angepata uchungu jana?"

Nilimkasirikia marehemu. Katika vita hivi, mtaani kila mwenye gari alikuwa na namna yake ya kulilinda: huyu aling'oa magurudumu, yule alificha kipande cha injini. Baba akaona gari lililokufa huwakasirisha wenye bunduki, heri liwake, liende kidogo, liwashinde barabarani. Yeye aliliendesha bila kugusa breki, akipunguza mwendo kwa gia, nasi tukimcheka kwamba amebeba mayai. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini baadaye nilielewa pia kwamba jambo usilolijua huwezi kulisema hata ukipigwa.

Mama alikuwa bado amekaa kwenye usukani.

"Basi ile ushuhuda yangu," akasema, "mbele ya kanisa muzima..."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi kilemba kikaanguka, kisha kicheko kikageuka kilio, na dada yangu akamshika begani kupitia dirishani.

Mpira ule ulikuwa umeshaharibika. Nilitoa mwingine kwenye gari la jirani lililokuwa juu ya matofali, mkewe akanipa bila maswali. Tuliongeza mafuta, tukatoa upepo, Mama akikanyaga na kuachia kila nilipomwambia. Mwishowe nilizungusha gurudumu kwa kidole kimoja.

Uchungu ulianza asubuhi, siku chache baadaye. Milio ya risasi ilisikika mbali, upande wa Djugu. Kwenye kizuizi wenye silaha waliniashiria nipunguze mwendo. Nikakanyaga breki, wakatuchungulia, wakaona tumbo, wakatupungia tupite. Niliachia, na gari likaachia nalo. Dada yangu alipasuliwa kabla ya adhuhuri. Alizaa msichana mwenye sauti kubwa, nami nililia ukumbini bila kujificha.

Walipotoka hospitali, Mama alinijia uani na ule waya. Alikuwa ameuosha na kuufunga kwenye leso.

"Rudisha," akasema.

Nikalala chini ya gari nikauzungusha kwenye mpira mpya, nikausokota kuelekea kushoto, nikaacha ncha moja nje ili tuweze kuulegeza kabla ya safari. Kisha nikamwita kila mtu wa nyumba aje aone. Baba mdogo aliinama. Dada yangu aliinama kidogo tu kwa sababu ya kidonda, mtoto mkononi.

Mama akapiga magoti mwisho. Aliingiza mkono, akaugusa waya.

"Siye wote tunajua sasa," nikamwambia.

"Nyinyi, sawa," akajibu, mkono ungali pale. "Lakini miye nililala naye kitanda moja. Miye si angeniambia?"