Krenki Fupi za Ngongoti

Jamani, kuna watu wakiumwa goti wanalala kitandani, wanapakwa dawa, wanaletewa chai. Ngongoti hakuwa na bahati hiyo. Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate, kreti kubwa limefungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli, kutoka bekari mpaka madukani. Jina alipewa na wenye maduka kwa ajili ya ile miguu yake mirefu. Miguu ile, bwana! Akikaa kwenye benchi magoti yanatafuta kidevu. Na mwenyewe alikuwa akijigamba: "Mimi na mlima hatuna ugomvi."

Sasa goti la kushoto lilikuwa limegoma. Aliteleza kwenye ngazi za bekari, akafungwa bandeji, bandeji ikatolewa, goti likakataa kukunjika sawasawa. Kutembea anatembea. Lakini kwenye baiskeli, kila pedeli ikifika juu goti linabanwa na machozi yanamtoka, mtu mzima na ndevu zake. Mwenye bekari akamvumilia, akamvumilia tena, mwisho akamwambia, "Ndugu yangu, Jumatatu usipobeba mikate, njia yako nampa mwingine." Hata hakusema kwa ukali. Angefoka ingekuwa afadhali, maana mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza.

Ngongoti akakokota baiskeli mpaka kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi baiskeli ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Shemeji, nifungie krenki ndefu," alisema, akionyesha ile mikono ya chuma inayoshika pedeli. "Mkono mrefu una nguvu. Utalisaidia goti."

"Utalizika! Nani kakudanganya? Hebu kaa hapo."

Akamkalisha kwenye stuli, akawa anampangia vipande vya mbao chini ya mguu, kimoja juu ya kingine, mpaka Ngongoti akapiga yowe.

"Umesikia? Hapo ndipo goti lako linapoishia, na pedeli yako inapanda kupita hapo. Nikikupa mkono mfupi kwa vidole viwili, pedeli haitafika juu kule. Chini nako haitafika, kwa hiyo kiti tunakipandisha vidole viwili vilevile. Goti linapata nafuu ya vidole vinne. Mlimani utasota, shemeji, lakini utapanda."

"Basi nipe hizo fupi, unangoja nini?"

Fundi akaacha kucheka. Hakuwa nazo. Akazunguka maduka yote ya vipuri, na kila duka lina krenki ndefu tu, kwa sababu kila mbeba mzigo akija anasema yaleyale aliyosema Ngongoti. Wakamwendea mchomeleaji, akakata zile za zamani na kuziunga upya zikiwa fupi. Ngongoti alipokanyaga tu, moja ikakatika pale pale penye kiungo. Ikabidi fundi amtafutie jozi nyingine, ndefu, ya kuziba pengo.

Jumapili asubuhi fundi akairudisha baiskeli nyumbani kwa dada yake. Wanaume wawili wakasimama uani kama waliofiwa. Ukutani palikuwa na baiskeli ndogo ya binti wa Ngongoti, ile aliyonunuliwa alipohamishiwa shule ya mbali. Fundi akaitupia jicho, akageuka haraka kuangalia pengine. Ngongoti alimwona.

"Usiseme," akamwambia.

"Sijasema kitu, shemeji."

"Na usifikirie."

Binti akatokea mlangoni na mswaki mdomoni. "Mjomba, baiskeli yangu ina nini?"

Mama yake, aliyekuwa anafua, akainamia beseni. Basi mtoto huyo hakuwa mjinga. Aliangalia krenki za baba yake, akaangalia zake, akatema povu. "Zangu ndizo fupi, eti? Si mbadilishane. Baba achukue hizi, mimi nifungiwe zake."

"Kibaiskeli chenyewe kiko chini. Za baba yako zitakwaruza ardhi," fundi akamwambia.

"Nitakuwa mwangalifu."

Wakafunga. Kwenye kona ya kwanza, karibu na bomba la maji, pedeli ikagonga chini na binti akaruka huko, kiwiko kikachubuka. Akainuka anacheka. "Aa, nilishaichoka hata hivyo. Kutembea ni mazoezi." Ngongoti akazunguka nyuma ya nyumba, akaegemea ukuta, akalia. Nasema wazi, alilia.

Jumatatu akapakia kreti limejaa. Kiti kiko juu, krenki ni fupi, na goti likazunguka bila neno. Tambarare zote alikwenda vizuri. Mlima ulipoanza, pale inapochepuka njia ya shule, miguu ikawa mizito, maana krenki fupi inadai jasho. Hapo mbele akamwona binti yake, begi mgongoni, anatembea upesi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametoka nyumbani giza halijaisha.

Keria imejaa mikate. Hana pa kumweka. Akataka angalau asimame.

"Baba, usisimame!" binti akapiga kelele. "Mjomba amesema ukisimama mlimani na mzigo hutaondoka tena!"

Ngongoti akakanyaga huku anahema. Baiskeli ikaanza kuyumba, na akajua wazi kwamba hafiki juu. Mara ikawa nyepesi. Akageuza shingo. Binti alikuwa ameacha njia yake, yuko nyuma ya kreti, mikono miwili imeikamata keria, anasukuma huku anakimbia.

"Rudi shule, mwanangu!"

"Kanyaga, baba! Kanyaga tu!"

Alimsukuma mpaka juu kabisa. Kule chini kengele ya shule ikaanza kulia. Binti akaachia keria, akageuka, akateremka mbio peke yake, begi likimpigapiga mgongoni. Ngongoti akaendelea kukanyaga kuelekea madukani, na goti halikumuuma hata kidogo.