Kikaratasi cha Mablanketi Arobaini

Kila siku, saa nane kasoro robo mchana, kabla ya kuvua aproni, shangazi yangu huandika vikaratasi. Hulikata boksi tupu la glavu vipande vya ukubwa wa kiganja, akaandika sentensi moja juu ya kila kipande, kisha akakibana kwa pini kwenye furushi la nguo linaloisubiri zamu ya mchana. Halafu hupita furushi moja moja, kidole chini ya maneno, akisoma kwa sauti.

"Mama Pacha atafua mashuka haya kumi na mawili ya wodi ya wazazi kwa maji ya moto, kisha atayaanika uani, maana mashine ya kukaushia inaunguza."

Huinamisha kichwa, kama anayeonja mchuzi. Akiridhika, huenda kwenye furushi la pili.

Wafanyakazi wapya wa chumba cha kufulia humcheka chinichini. Wanasema Bi Mkubwa anaandika risala. Hawakuwapo enzi zile vikaratasi vyake vilipokuwa na neno moja au mawili tu.

Shangazi aliacha shule darasa la nne. Aliingia hospitalini akiwa mfagiaji wa korido, akahamia kwenye madobi, na baada ya miaka ishirini na miwili akapewa usimamizi wa zamu ya asubuhi. Ufunguo wa stoo ya sabuni aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na hata Jumapili nyumbani nilimwona akiupapasa kifuani kuhakikisha upo. Kuandika hakukuwa kazi yake ya kupenda. "Maneno mengi hayafui nguo," alikuwa akisema. Basi aliandika "Moto," au "Zifuliwe," akaenda zake. Mambo yalikwenda, kwa kuwa waliovisoma vikaratasi hivyo walikuwa wamefanya naye kazi tangu ujana. Yaliyopungua waliyajaza wenyewe kichwani.

Mama Pacha alikuja akiwa mgeni, kwa mkataba wa kwanza wa miezi sita, na watoto mapacha mgongoni mwa bibi yao nyumbani. Alikuwa mwepesi wa kazi na mwoga wa kuuliza.

Mwezi wake wa tano, wodi ya watoto ililetewa mablanketi arobaini mapya ya sufu, laini na ya manjano kama manyoya ya kifaranga. Sista wa wodi aliyaleta mwenyewe, akamwambia Shangazi kwa mdomo kwamba yafuliwe kwa maji baridi, la sivyo yatajikunja. Wiki iliyofuata sista huyo akahamishwa. Mablanketi yaliporudi kufuliwa kwa mara ya kwanza, Shangazi alikuwa na haraka. Akaandika "Yafuliwe leo," akabana pini, akaondoka.

Mama Pacha aliyafua siku hiyohiyo, kwa maji ya moto, kama vitu vyote vya wodi. Yalitoka yakiwa magumu na madogo. Moja ungeweza kumfunika nalo mwanasesere, miguu ikabaki nje.

Katibu wa hospitali alimwita Mama Pacha ofisini.

"Nani alikwambia uyachemshe?"

"Kikaratasi kilisema yafuliwe leo."

"Kikaratasi! Kikaratasi kina mdomo?"

Kikaratasi chenyewe kilikuwa kimeshatupwa. Mama Pacha akaambiwa mkataba wake utasitishwa mwisho wa wiki. Shangazi, kama msimamizi, akatakiwa kupeleka maelezo ya maandishi kabla ya Jumatatu kuhusu maelekezo aliyoyatoa.

Mwenzake wa zamu ya asubuhi, waliyezeeka pamoja kwenye mvuke ule, alimvuta pembeni. "Dada, sema ulimwambia kwa mdomo kuwa ni maji baridi. Nani atabisha? Sista hayupo, karatasi haipo. Yule wa mkataba ni wa kuondoka tu. Wewe unataka kuupoteza ufunguo kwa ajili ya mablanketi?"

Shangazi akarudi kwenye mafurushi yake. Jumamosi mchana alinikuta mezani nyumbani na vitabu vyangu vya chuo, akaweka karatasi nyeupe mbele yangu.

"Wewe ndiye msomi. Niandikie."

Niliandika nikiwa na nia njema. Nilimpenda, na niliujua ufunguo ule. Nikamsomea: "Mablanketi yaliharibika kutokana na maelekezo ambayo hayakujitosheleza."

Shangazi alisikiliza huku akikunja nguo za nyumbani. "Tamu," akasema. "Hayo maelekezo aliyatoa nani? Upepo?"

Nikaisoma tena karatasi.

"Njoo ushike hapa." Akanipa ncha mbili za shuka kubwa, akabaki na mbili. "Vuta. Unaona? Sasa achia zako." Nikaachia. Shuka likaanguka sakafuni. "Sasa nikunje nini, mwanangu? Mtu mmoja huku, mwingine kule, ndipo shuka linyooke. Sentensi yako imeshikwa upande mmoja. Kitu kimeharibika, lakini mtu hayupo."

Ncha hizo shuleni tuliziita kiima na kiarifu, na nilifaulu vizuri sana mtihani huo. Niliokota shuka.

Akakaa, akachukua kalamu mwenyewe. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa za darasa la nne: "Mimi niliandika." Akaitazama.

"Inasimama?"

"Inasimama, Shangazi. Ila hatujui uliandika nini."

Akaongeza: "kikaratasi." Nikauliza cha nini, akaongeza: "cha mablanketi arobaini ya sufu ya wodi ya watoto." Ikaja siku. Ikaja saa. Sentensi ya pili akaianza kwa mimi tena: "Mimi sikuandika kuwa yafuliwe kwa maji baridi, ingawa sista aliniambia." Hapo kalamu ikasimama. Mkono wake wa kushoto ulipanda hadi shingoni, ukaukuta ufunguo.

"Hatujasema kwa nini," akasema.

"Si lazima, Shangazi. Hapo panatosha."

"Mtu akisoma hatauliza?"

"Atauliza."

Akainama, akaandika: "kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani." Ya mwisho haikumpa taabu: "Mama Pacha alifanya kile nilichoandika."

Jumatatu katibu alizisoma sentensi tatu hizo mbele yake, mara mbili. Alimwambia kwamba kwa miaka yake yote ofisini amepokea maelezo ya kurasa nne nne, na hii ndiyo mara ya kwanza amemaliza kusoma bila swali. Kisha akanyoosha mkono. Shangazi akavua kamba ya kiatu shingoni, akamkabidhi ufunguo.

Mkataba wa Mama Pacha haukusitishwa. Alipopata habari alimfuata Shangazi uani, kwenye kamba za kuanikia. "Bi Mkubwa, mimi…" Shangazi akamkatiza: "Mimi nini? Malizia, au nishikie hili shuka." Wakalikunja pamoja.

Usimamizi ukaenda kwa yule mwenzake wa zamu ya asubuhi. Shangazi akarudishwa kwenye meza ya kukunjia, alikokuwa miaka kumi na tatu kabla. Kazi moja tu ya zamani hakunyang'anywa, kwa amri ya katibu mwenyewe: vikaratasi.

Likizo hii nilikwenda kumsubiri amalize zamu. Alikuwa anafuta meza kwa kipande kigumu cha sufu, rangi ya kifaranga bado ikionekana kwenye pindo. Shingo yake ilikuwa tupu. Nilikuwa na swali moja ambalo kwa mwaka mzima nilikuwa nimeliogopa.

"Shangazi, hujuti?"

"Najuta," akasema, akikung'uta kile kipande. "Yalikuwa mablanketi mazuri sana."