Nywele Tatu za Kisogoni

Fundi wigi wa ghorofa ya pili haamini nywele kwa maneno ya mwenye nazo. Kila wigi inayoingia jikoni kwake huichomoa nywele tatu za kisogoni akazichoma kwa kiberiti. Zikinuka kama manyoya ya kuku zikawa majivu, ni za mtu. Zikijikunja kuwa kishanga kigumu cheusi, ni plastiki.

Asubuhi moja wifi yake alimletea wigi iliyojisokota. Saa nane mchana alikuwa na usaili wa kazi ya mapokezi, akataka inyooke.

"Ya mtu kabisa hii, wifi. Ipige pasi tu."

"Mtu gani, unamjua?"

Fundi akawasha kiberiti. Kikabaki kishanga.

"Mbona muuzaji aliniapia!"

"Kuapa kunamgharimu nini? Pasi ikiigusa hii, utakwenda kwenye usaili na kilemba."

Akaivalisha sufuria iliyopinduliwa, akaichana kuanzia nchani. Akachemsha maji, akayaepua yapoe kidogo, akaimwagia polepole huku akichana, kisha akaitundika dirishani. Saa saba nywele zilikuwa zimenyooka kama mvua, ila kitambaa cha ndani bado kibichi.

"Niikaushe kwa mashine?"

"Uisokote tena kwa joto? Vaa hivyo hivyo. Kichwa kilichopoa hakijibu ovyo."

Wifi akashuka ngazi mgongo wima, huku matone yakimtambaa shingoni na kupotelea ndani ya kola.