Munkoyo Uliokataa Kulainika

Mwanangu, iko siku moja haijanitoka kichwani: siku niliyolinda sufuria ya munkoyo kama askari wa benki. Nilikuwa mchumba tu. Wajomba wa bwana walikuwa wanakuja kwetu Makomeno kunionja, maana kwetu bibi-arusi huonjwa kwa munkoyo wake, kinywaji cha uji wa mahindi unaolainishwa kwa mizizi, kabla hajaulizwa jina. Uji ukikataa kulainika, watasema mkono wa huyu ni mbaya, na ndoa inaingia maneno.

Wifi yangu Odette ndiye aliyetumwa kunisaidia. Tuliketi benchi moja shuleni, akikopia mitihani yangu. Mtu wa hivyo utamwachia sufuria? Mizizi aliyoleta kutoka Lukafu niliinusa, nikamtafunisha yeye kwanza. Aliposema tuache uji upoe, nikajua: hapo ndipo atatia kitu chake. Basi nikatumbukiza mizizi uji ukichemka, nikafunika, nikaketi kando. Hata haja nilijizuia.

Nilipofunua, uji ulikuwa mzito vilevile, mwiko ulisimama wenyewe. Nikamwambia Odette ameniroga.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Bibi-arusi, ile mizizi ulitia mu uji ya moto? Na enzimu je? Ile somo niliikopiaka kwako weye."

Nikalikumbuka somo. Enzimu ya mzizi ni protini, mnyororo mrefu uliojikunja kwa namna yake, ukaacha kishimo ambamo wanga wa mahindi unaingia na kukatwa vipande vidogo, vitamu. Moto mkali unaukunjua, kishimo kinapotea. Ni kama ute wa yai ulioiva: urudishe ukiweza. Haya niliyaandika kwenye mtihani, nikapewa alama nzuri.

Uji ulipovumilika kwa kidole, Odette alifungua pindo la kitenge, akatoa mizizi mingine, akaitia.

"Nilikujua," akasema. "Weye unashuku hata chumvi."

Wajomba walipofika, munkoyo ulikuwa unamiminika. Wakanywa, wakaongeza, ndipo wakauliza jina langu.

Kushuku sikukatazi, mwanangu. Mimi mpaka leo chai ya Odette naionja kidogo kidogo, na kutoka tu kwenda mjini naona nitaibiwa. Ila shaka ikiwa bado inachemka, usitie mkono wala ulimi. Acha ipoe mpaka kidole kivumilie, ndipo useme.

Mungu akupe nyumba yenye amani, na wifi mwenye mizizi ya akiba.