Geji Yangu na Matairi ya Kasiani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana hapa Ifakara alinipa kigoda na tairi kipara, akaniambia nikae nalo mpaka nimweleze limekufa kwa nini. Nilikuwa mwanamke pekee pale. Mafundi walicheka wakidhani nimepewa adhabu. Kwenye saa sita nikamwambia kashata, ile michoro inayoshika barabara, zimeliwa katikati tu, kandokando zimebaki. Akaitikia kwa kichwa: tairi lile lilijazwa upepo kupita kiasi, likawa linatembelea tumbo.

“Tairi halifi lenyewe, binti,” alisema. “Linauawa. Kazi yako ni kumtafuta muuaji.”

Wauaji nikawajua mmoja mmoja. Tairi likiliwa upande mmoja, magurudumu hayajanyooka, gari lipelekwe alaimenti. Likiwa na mabakamabaka, dereva anafunga breki kwa hasira. Likiliwa mabega, yaani kandokando zote mbili, ama upepo ni mdogo, ama mzigo umezidi. Mawe ya barabara ya vumbi nayo yana lao, na jua la kiangazi pia, maana tairi la moto huliwa upesi. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa la baridi. Wenye haraka hupima gari likitoka safari, geji, kile kipimo cha upepo, ikawadanganya, kisha wakalaumu kiwanda.

Baadaye nilipata kazi kwa msafirishaji mmoja wa mpunga upande wa Mngeta, nikawa msimamizi wa matairi. Cheo kilikuwa kirefu kuliko stoo yenyewe. Wanaume walinisalimia vizuri tu, lakini mchana walikula pamoja na mimi nilikula peke yangu, nikinusa mpira. Upweke ule uliniuma kuliko nilivyokubali kusema.

Aliyeuvunja ni dereva mmoja wa lori, Kasiani, Mndamba mwenye maneno mengi. Alibeba sahani yake akaja kukaa nami, akaniita dada Tairi. Akivuka mto huniletea perege wa kukaanga. Kwa miaka minne sikula peke yangu isipokuwa akiwa safarini.

Asubuhi moja aliniambia gari linalegea kwenye kona. Nikapima upepo mbele yake, nikamwonyesha mshale wa geji: sawasawa kabisa. Akaniangalia, akapanda gari, akaondoka.

Matairi yake, yaliyotembea kuliko ya wote, yakaisha mabega kabla hata ya nusu ya umri wa tairi. Meneja wa Usafirishaji akatuita wote wawili. Nilijibu kwa kujiamini kwamba upepo napima mwenyewe kila siku, kwa hiyo kilichobaki ni mzigo uliozidi. Meneja akamuuliza Kasiani kama anaokota magunia ya watu njiani.

“Sibebi mzigo wa mtu, bosi,” alisema, akinitazama mimi. Wiki ile ile akaachishwa kazi.

Kwenye lori lile akaja dereva mwingine, mtu mpole, na matairi yake yakaliwa mabega vilevile. Nikaanza kukosa usingizi. Siku moja fundi mgeni alipita na geji yake, nikaiazima, nikapima tairi lile lile kwa geji zote mbili. Yangu ilisoma juu mno. Miezi yote ile nilikuwa nawapa madereva matairi laini, yenye upepo mdogo. Muuaji nilikuwa nimemshika mkononi kila asubuhi.

Nikanunua geji nyingine kimyakimya, ile mbovu nikaifunga kwenye kitambaa. Sikumwambia mtu. Niliogopa watasema mwanamke na matairi wapi na wapi. Nikaomba kazi mbali, Uchindile, kwenye malori ya magogo, na huko nikafanya kazi mpaka kustaafu. Nilikula peke yangu, na safari hii sikuona kama nina haki ya kulalamika.

Ninyi mnaoanza kazi hii ya matairi, pimeni geji yenu kwa geji nyingine. Na dereva akisema gari linalegea, msikilizeni. Yeye ndiye aliyekaa juu ya tairi.

Sasa naishi Ifakara, watoto wako mbali. Juzi nikasikia Kasiani analima mpunga Katindiuka. Jana nikaenda. Nilimkuta amekaa uani, amezeeka kama mimi. Nikaweka ile geji mbovu mkekani, nikamweleza yote bila kujitetea.

Aliigeuzageuza. “Nilijua, dada. Nilikuwa naendesha mimi. Ningesema geji pale mbele ya meneja, wangekufukuza wewe.” Akairudisha mkekani. “Nilidhani utaigundua, uje kesho yake.”

Nililia mbele yake, mzee mzima. Alininywesha maji, akaniacha nimalize. Nilipoinuka nikamuuliza kama naweza kurudi siku moja na perege, kama alivyokuwa akiniletea.

“Njoo kesho,” alisema.

Kesho yenyewe ndiyo leo. Perege wameiva tangu saa nne, na mimi nimekaa naandika haya kwa sababu miguu ni mizito. Naogopa kuliko siku ile ya kigoda. Nakwenda.